Chupa ya Kusukutua

Chupa ilikuwa ya dawa ya kusukutua mdomo, maji ya samawati, kifuniko kimekazwa. Mwenyewe, mama wa miaka sitini hivi mwenye kofia ya ukili, alikuwa anatazama kila mahali isipokuwa ile chupa. Nikaifungua, nikanusa. Vodka, imetiwa rangi ya keki.

"Umejuaje?" akaniuliza, akicheka.

Nikamjibu ni mafunzo. Uongo. Mafunzo yalikuwa ya siku mbili na hayakugusa macho ya watu. Macho niliyasomea Kilifi, kwa mama yangu.

Hii ilikuwa bandari ya Miami, mkataba wangu wa kwanza kwenye meli ya kitalii: miezi tisa, kazi ya ulinzi. Siku ya abiria kupanda, nilikaa kwenye eksirei. Sheria yetu ilikuwa rahisi kukariri. Kila mtu mzima anaruhusiwa chupa moja ya divai ya mililita 750, siku ya kwanza tu, ndani ya mkoba wa mkononi. Akitaka kuinywa mezani mkahawani, analipa dola 15 kufunguliwa chupa yake mwenyewe. Bia na pombe kali, zii. Pombe ikionekana ndani ya sanduku, sanduku halifiki chumbani. Linashikiliwa, na mwenyewe anaitwa kulifungua mbele yetu. Watu wazima na heshima zao wanapiga foleni kama wanafunzi waliochelewa paredi.

Na watu ni wabunifu, bana. Nimetoa ramu kwenye chupa ya shampuu, jini kwenye krimu ya jua, na darubini isiyoona kitu kwa sababu ndani ni chupa. Mmoja alimimina divai yote, akatia wiski, akarudisha kizibo na ile karatasi ya shingoni. Huyo nilimpa heshima yake.

Tuliambiwa sheria ni ya usalama. Sawa, mlevi baharini ni hatari, hakuna ubishi. Lakini meli hiyo hiyo ilikuwa na baa zaidi ya kumi, nyingine zikifunguliwa asubuhi kando ya kidimbwi cha kuogelea. Ilikuuzia mpango wa vinywaji, zaidi ya dola 60 kwa siku, hadi glasi 15. Ukinunua wewe, mwenzako wa chumbani pia lazima anunue. Kwa hivyo glasi ya kumi na tano si hatari. Hatari ni chupa ambayo haikupitia kaunta.

Hesabu hiyo nilikuwa naijua. Mama alikuwa anauza mnazi. Mgema alipanda alfajiri, akashuka na mnazi mtamu, na kufika saa nne mangwe yetu ilikuwa imejaa, kila mtu na mboko yake. Mnazi hausubiri. Ukilala, umechacha. Halafu ikaja sheria ya 2010, ile tuliyoiita ya Mututho, ikisema siku za wiki pombe iuzwe kuanzia saa kumi na moja jioni. Bia ya chupa inaweza kungoja saa kumi na moja. Mnazi wa asubuhi utangojaje?

Basi Mama akawa anaficha. Jerikeni ya lita 20 katikati ya jerikeni za maji. Chini ya rundo la makuti. Mara moja, chini ya kitanda cha nyanya, ambaye kwa kweli alikuwa mgonjwa. Mimi nilikaa njiani kuangalia gari. Na askari wakifika, Mama alitazama kila mahali isipokuwa ile jerikeni. Nao wakajifunza macho yake. Siku moja waliumwaga mnazi wote mchangani tukiangalia, wakatupa jerikeni kwenye gari, na Mama akalala seli. Ile iliyomwagwa ilikuwa karo yangu.

Yule mama wa kofia ningeweza kumwachia. Niliwaza, kwa sekunde tatu hivi. Kisha nikakumbuka mkataba, na dada yangu aliye chuo. Nikafunga chupa, nikabandika lebo yenye namba ya chumba chake, nikamwonyesha njia. Mwezi huo msimamizi alinitaja kwenye mkutano kama mwenye jicho kali kuliko wote. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Kwa muda mrefu nilimwambia Mama kwamba nalinda meli. Siku moja tukiwa bandarini, mtandao ukiwa mzuri, nikamweleza kazi yenyewe. Akanyamaza, halafu akacheka hadi akakohoa.

"Kwa hivyo sasa wewe ndiye chifu."

"Si hivyo, Mama."

"Ni hivyo, mwanangu. Na hizo chupa mnamwaga?"

Nikamwambia kuna kampuni zinazomwaga, lakini yetu inaweka stoo. Usiku wa mwisho kila abiria anarudishiwa yake.

"Na pombe yake ndani?"

"Na pombe yake ndani."

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akiuliza bei ya kitu. Hakumjibu.

"Mimi," akasema, "hata jerikeni sikurudishiwa."