Kabla Jini Hajatokea

Tanga

Mpwa wangu mpenzi,

Bibi yako magoti yamempa nafuu tangu mvua zilipokatika, anakusalimu sana na anauliza likizo unakuja lini.

Mama yako amenisomea ujumbe wako. Nimefurahi kusikia kwamba wewe na wenzako mmepata kamera ya kuazima na mnataka kutengeneza filamu fupi ya kutisha. Umeniomba nikutajie filamu za kutazama, kwa kuwa katika ukoo huu mimi ndiye mtu wa sinema tangu enzi za ukumbi wa Majestic hapa Tanga. Nitakutajia. Lakini umeandika pia kwamba filamu za familia ni za watoto, kwamba vichekesho ni vya kupotezea muda, na kwamba hutaki kuchanganya mambo hayo na hofu. Hapo ndipo nilipoona nikae chini nikuandikie, maana ukianza na imani hiyo utatengeneza filamu ya makelele tu.

Anza na Jaws ya Steven Spielberg, ya mwaka 1975. Najua unaijua kwa sifa za papa. Sasa itazame tena, ila safari hii usimfuate papa, mfuate baba. Brody, mkuu wa polisi wa kisiwa, amekaa mezani kwake jioni, siku aliyopigwa kofi mbele ya watu na mama aliyefiwa na mwanawe. Amechoka, hasemi neno. Mtoto wake mdogo amekaa kando yake anamtazama, anaanza kumwigiza. Baba akikunja vidole, mtoto anakunja. Baba akiufunika uso kwa viganja, naye anaufunika. Baba anagundua, anamkunjia sura, na mtoto anairudisha sura ileile. Kisha baba anamwomba busu. Mama yuko nyuma yao, anawaangalia, haingilii kati. Hakuna damu pale, hakuna anayekimbia. Lakini kuanzia hapo Brody akipanda mashua wewe unakaa ukingoni mwa kiti, kwa sababu unajua nani anamngoja nyumbani. Mtu ambaye humjui akiliwa na papa unashtuka kidogo, halafu unaendelea na bisi zako.

Na kuna jambo la ufundi hapo litakalowafaa nyinyi msio na fedha. Papa wa mitambo aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu ile alikuwa akiharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi. Spielberg akalazimika kuonyesha pezi, mapipa yanayovutwa juu ya maji, na kutegemea muziki wa John Williams, zile noti mbili zinazokwenda zikirudi. Filamu inapita saa moja kabla hujamwona papa sawasawa. Nyinyi kikosi chenu hakina fedha za kumtengeneza jini. Lisiwavunje moyo hilo. Meza ya chakula mnayo, baba na mama mnawajua, na sauti ya kitu kinachotembea juu ya bati usiku haigharimu kitu.

Filamu ya pili ni Get Out ya mwaka 2017, ya Jordan Peele. Huyu bwana Wamarekani walimjua kwa vichekesho vya televisheni kabla hajaongoza filamu hata moja. Akaja na filamu yake ya kwanza, ya kutisha, kwa bajeti ya dola milioni 4.5 hivi, ikaingiza zaidi ya dola milioni 250, na mwaka uliofuata akachukua Oscar ya muswada bora wa asili, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Hadithi yenyewe ni ya ukwe: kijana mweusi anakwenda kutambulishwa kwa wazazi wa mchumba wake, Wazungu wenye maneno matamu. Ukiisikiliza mwanzoni utajua kwa nini tumeipenda zaidi sisi tuliozaliwa na lugha hii. Mtunzi wa muziki, Michael Abels, aliifungulia filamu mlango kwa wimbo wa Kiswahili uitwao "Sikiliza Kwa Wahenga", ambao unamwonya kijana yule akimbie. Yeye haelewi. Watazamaji wengi wa kule hawakuelewa. Sisi tunaelewa tangu picha inaanza, na tunakaa na siri hiyo tumboni.

Kuna kipande kimoja nataka ukitazame na wenzako, mkisimamishe na kukirudia. Mtumishi wa ndani, Georgina, anakuja kumwomba radhi kijana chumbani. Anamwambia hakuna shida yoyote, tena anatabasamu meno yote nje. Machozi yanamtoka. Tabasamu haliondoki. Anakataa kwa kurudia "hapana" mara nyingi, kwa sauti ya upole, na machozi yanateremka juu ya lile tabasamu. Unataka kucheka na unataka kutoka mbio, vyote kwa pamoja, na hujui kipi kitangulie. Kazi kama ile haifanywi na mtu anayedharau vichekesho. Mchekeshaji ndiye anayejua kupima kimya: anajua lini kukaza na lini kuachia. Mtishaji anahitaji kipimo hichohicho. Ndiyo maana John Krasinski naye, ambaye watu walimzoea kwenye vichekesho vya ofisini, aliweza kuongoza A Quiet Place mwaka 2018, hadithi ya mume, mke na watoto wao wanaoishi bila kutoa sauti. Na ukiitazama Us ya mwaka 2019, pale Lupita Nyong'o wetu anapoigiza mama wa familia na pacha wake wa kutisha, angalia jinsi baba wa nyumba ile anavyotia utani hata pale hatari imesimama mlangoni. Utani ule ndio unaotufanya tuwaone kuwa ni watu.

Sasa nije kwenye vichekesho venyewe, kwa sababu nadhani umeonyeshwa vibaya tu. Nakubaliana nawe kwamba tunavyo vingi visivyo na maana: mtu anamcheka mwenye kigugumizi, anamcheka kiwete, anamcheka mshamba aliyeshuka stendi na begi lake. Hivyo mimi navizima. Lakini mtazame Charlie Chaplin katika The Kid, ya mwaka 1921. Mtoto maskini anapita mtaani akivunja madirisha kwa mawe, na baba yake mlezi anatokea nyuma yake, kana kwamba ni bahati, amebeba vioo mgongoni anauliza nani anataka kutengenezewa dirisha. Unacheka mbavu ziume. Baadaye maofisa wanakuja kumchukua yule mtoto, wanamtupia nyuma ya gari, ananyoosha mikono akilia, na Chaplin anakimbia juu ya mapaa ya nyumba kumfuata. Filamu ni ileile, baba ni yuleyule, na aliyekuwa anacheka sasa anafuta machozi. Hakuna neno hata moja linalosikika. Imepita miaka zaidi ya 100 na bado inafanya kazi yake.

Na sisi wa pwani tulilelewa na picha za Kihindi zilizojua jambo hili zamani. Mwombe mama yako akusimulie Amar Akbar Anthony ya Manmohan Desai, ya mwaka 1977, maana najua anaikumbuka. Ndugu watatu wamepotezana utotoni, mmoja akalelewa na Wahindu, mmoja na Waislamu, mmoja na Wakristo. Wanalazwa hospitali kwenye vitanda vitatu kumtolea damu mwanamke aliyegongwa na gari, na hawajui kwamba ni mama yao. Damu ya wote watatu inaingia mwilini mwake kwa wakati mmoja. Mganga yeyote atakwambia haiwezekani, na hakuna mtu ukumbini aliyejali. Halafu katika picha hiyohiyo Amitabh Bachchan, amelewa na amepigwa, anasimama mbele ya kioo kujitibu, na plasta anaibandika kwenye kioo badala ya uso wake. Ukumbi mzima ulikuwa unalia na kucheka, bibi na wajukuu, na wote wakatoka wameridhika. Hiyo ndiyo filamu ya familia. Si ya watoto. Ni filamu ambayo kila aliyemo nyumbani ana sehemu yake ndani.

Wala usiniambie za watoto ni nyepesi. The Lion King ya mwaka 1994, yenye majina yetu na nyika zetu, inamwonyesha mtoto akimtikisa baba yake aliyekufa. Simba anamvuta sikio Mufasa, hapati jibu, kisha anajipenyeza chini ya mkono wa baba na kulala pale. Mimi ni mtu mzima na kipande kile bado kinanishika koo. Walioitengeneza walijua huwezi kumwacha mtoto hapo, ndiyo maana haichukui muda kabla Timon na Pumbaa hawajaingia na vituko vyao. Mtoto anaonyeshwa msiba, halafu anashikwa mkono kutoka msibani. Adabu hiyo waandishi wengi wa filamu za kutisha hawana, na ningependa wewe uwe nayo.

Hapo napata njia ya kukugusia jambo la ndani, bila kukukasirikia. Likizo iliyopita mdogo wako wa mwisho alikaa nanyi wakubwa kutazama filamu usiku wa manane. Mpaka leo anataka taa iwashwe akilala. Hofu ya kuigiza ina raha yake kwa anayejua kwamba ni ya kuigiza, na mtoto wa umri ule bado hajui. Wamarekani walijifunza hili mwaka 1984. Wazazi waliwapeleka watoto kutazama Gremlins, wakidhani ni ya mnyama mzuri mwenye manyoya, wakakuta jikoni mama wa nyumba anapambana na vijishetani kwa mashine ya kusagia na tanuri. Mwaka huohuo ikatoka ya Indiana Jones ambayo shujaa anashuhudia mtu akitolewa moyo. Wazazi walilalamika sana. Spielberg, aliyeongoza ya pili na kusimamia utayarishaji wa ya kwanza, akapendekeza liwekwe daraja la umri la katikati, na Julai mwaka huo alama ya PG-13 ikaanza. Alama hizi, za kwao au za bodi zetu, zisome kabla hujabonyeza. Wadogo wakiwepo sebuleni, mkubwa wao ndiye bodi ya filamu ya nyumba.

Na kama mtamtumia mtoto katika filamu yenu, kama nilivyosikia, basi jua kisa cha yule mtoto wa The Kid. Jackie Coogan alipata umaarufu wa dunia na fedha nyingi sana. Alipokua akazidai, akakuta karibu zote zimetumiwa na mama yake na baba yake wa kambo. Akaenda mahakamani mwaka 1938, akaambulia sehemu ndogo, na mwaka uliofuata California ikapitisha sheria ya kulinda mapato ya watoto waigizaji, inayoitwa kwa jina lake hadi leo. Nyinyi fedha hamna, lakini mtoto mpeni chakula, mwacheni alale kwa wakati, na mumwonyeshe vazi la jini mchana kweupe, alishike, alivae, acheke nalo kabla hamjalipiga picha.

Majini tunayo, mwanangu, hatuna haja ya kuazima ya mtu. Mussa Banzi alishawatoa Nsyuka na Shumileta kwenye filamu zake, watu wakanunua kanda na wakaogopa kwenda msalani. Wachekeshaji tunao pia. Mzee Majuto, Amri Athumani wa hapahapa Tanga, aliyetutoka Agosti 2018, aliweza kuchekesha kwa kugeuza shingo tu, na mara nyingi alichokuwa anaigiza ni baba wa nyumba fulani ambayo sote tunaijua. Ulichobakiza wewe ni kuviweka chini ya paa moja: watu tunaowajua, vicheko vyao, na kitu kibaya kinachobisha hodi.

Kwa hiyo nina ombi. Usinitumie sehemu ya jini, hiyo nitaiona siku ya kuonyesha. Nitumie kurasa za mwanzo, watu wakiwa wanakula, wanataniana, wanagombania kiti cha karibu na feni. Nikizisoma nikawapenda, nitakuchangia nauli ya kikosi na chakula cha siku zote za kupiga picha. Nisipowapenda, nitakurudishia uandike upya, na utanivumilia.

Wasalimie wenzako wote.

Ni mimi mjomba wako,
Tanga