Ngazi ya Shujaa

Ipo michezo inayokoma kwa ushindi, na ipo isiyojua ukomo. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson uliochapishwa Marekani mwaka 1974, ni wa aina hiyo ya pili. Watu huketi pamoja, kila mmoja akiwa na mhusika aliyembuni mwenyewe: askari, mchawi au kasisi. Mmoja wao, msimulizi, huieleza dunia wanamopita na kuamua yanayowafika. Penye shaka, dadu huamua. Mhusika anusurikaye na hatari hupata alama za uzoefu, na alama zikitimia hupanda daraja. Nguvu humzidi, na adui aliyemtisha jana leo hamtishi tena.

Swali linalomkabili kila msimulizi ni moja: apande kwa mwendo gani?

Waasisi walikuwa na jibu lao. Katika vijitabu vitatu vya 1974, madaraja ya mwanzo yalikuwa na majina. Askari alihitaji alama 2,000 kufikia daraja la pili, 4,000 kufikia la tatu, na 8,000 kufikia la nne. Na ni katika hilo la nne ndipo alipoitwa Shujaa. Ushujaa haukuwa vazi la kuanzia safari. Tena sehemu kubwa ya alama hizo ilitokana na hazina iliyopatikana, sarafu moja ya dhahabu ikihesabiwa alama moja. Mwenye busara alijifunza kulinyemelea joka lililolala, akachukua mali na kwenda zake. Kurudi hai kulikuwa na faida kuliko kuua.

Mwaka 1976 Gygax aliandika kwamba mchezaji wa kadiri, akicheza mara 50 hadi 75 kwa mwaka, angefika daraja la tisa hadi la kumi na moja, iwapo mhusika wake angejaliwa uhai. Alikuwa akiwaonya wasimulizi waliogawa madaraja kama tende. Hapana shaka walipendwa sana mezani pao. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Hata hivyo, kuchelewesha nako kuna lawama yake. Wachezaji ni watu wenye kazi na malezi; huhama, huugua, huacha. Mhusika aliyezuiliwa chini ya ngazi kwa mwaka mzima aghalabu huachwa papo hapo, kundi likivunjika kabla hajaonja lolote. Yamkini ndiyo sababu toleo la 2014 lilitaka alama 300 tu kwa daraja la pili na 900 kwa la tatu, ndipo mwendo ukapungua. Toleo hilo lilimruhusu pia msimulizi kuacha hesabu kabisa, awapandishe wahusika kisa kinapofika kwenye jambo kubwa.

Wengine waliikataa ngazi yenyewe. Katika RuneQuest ya 1978, hakuna daraja la kupanda. Stadi iliyotumika kwa mafanikio hutiwa alama, na baada ya safari mchezaji hurusha dadu: hana budi kupata namba inayozidi kiwango alichokwisha kufikia, ndipo stadi ikue. Asiyejua hujifunza upesi. Ajuaye mengi huongeza machache, tena kwa taabu. Kila aliyewahi kuisomea fani kwa dhati atalitambua jambo hili.

Basi mwendo upi ni wa haki? Jibu halimo katika majedwali. Muulize mchezaji aliyepewa madaraja kumi kwa usiku mmoja habari za mhusika wake: atakusomea orodha ya silaha. Muulize yule aliyengoja: atakusimulia mto uliofurika, mlango ambao hawakuthubutu kuufungua, na mwenzao waliyemwacha pangoni ili wengine wapone. Daraja kwake ni mahali kisa kilipopita. Na siku mhusika huyo akiuawa na dadu moja mbaya, meza nzima hunyamaza. Kilichobaki ni karatasi iliyofutwafutwa kwa raba hadi ikakaribia kutoboka, na hapana mwenye moyo wa kuitupa.