Zile namba sita, na picha za bi harusi



Hili nimelinyamazia tangu kabla ya Ramadhani. Nisingelisema kama si kumsikia shoga yangu juzi akisema kuna mtu "kamtumia namba kwa makosa" na anataka azirudishe. Nilimpokonya simu mkononi, akanishangaa.

Mimi ni fundi cherehani, nashona nguo za harusi na za shughuli. Siku hizi nusu ya kazi yangu iko kwenye meza ya kukatia, nusu iko WhatsApp. Mteja yuko Pemba, kitambaa kanunuliwa Darajani, vipimo ananitumia kwa simu. Nguo ikimfika anaivaa chumbani kwake, anajipiga picha, ananionesha wapi pamebana. Chumbani kwake, yaani hana mtandio, na zipu ikikataa kupanda mgongo uko wazi.

Siku hiyo, baada ya adhuhuri, nikapata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa kikoba chetu. Nimekutumia namba sita kwa bahati mbaya, nirudishie haraka. Picha ni yake, namba ni yake. Na kweli zile namba zilikuja kwa meseji ya kawaida, na pameandikwa kabisa usimpe mtu. Mimi mguu uko kwenye cherehani, nikazituma. Haukupita muda WhatsApp ikanitoa. Nikadhani bando limeisha, nikaendelea kupiga pasi.

Kumbe zile namba zilikuwa zangu. Kuna mtu alikuwa anafungua akaunti yangu kwenye simu yake, WhatsApp ikanitumia mimi ufunguo, mimi nikampelekea. Yule dada naye kaibiwa asubuhi yake kwa njia hiyo hiyo.

Magharibi simu zikaanza. Shangazi yangu keshatuma elfu themanini, ananiuliza kwa huruma nimepatwa na nini mpaka nakopa. Nilimrudishia zake. Pesa inauma lakini inalipika.

Usiku nikaisajili upya namba yangu. Nikaambiwa niweke pini ya tarakimu sita ambayo mimi sikuiweka. Aliiweka mwizi. Kwa hiyo yeye katolewa, lakini na mimi nikasubiri siku saba kuingia. Kijana mmoja anayejua mambo haya akanituliza, akaniambia mazungumzo ya zamani yanabaki kwenye simu yangu, mwizi hayapati. Anachopata ni kila kilichotumwa tangu alipoingia. Nikalala na hilo.

Asubuhi bi harusi mmoja akanipigia. "Dada, mbona hujanijibu zile picha?"

Alizituma alasiri. Tatu. Alikuwa keshawekwa ndani, hatoki, hata kwangu kupima asingeweza kuja, ndiyo maana akajipiga picha. Msichana kafichwa asionwe hata na jirani, na mimi ndiye niliyempitisha mlangoni mpaka kwa mwanamme nisiyemjua.

Nilifikiri kunyamaza. Siwafichi. Nilikaa nayo mpaka jioni, kisha nikapanda daladala nikaenda kwao. Mama yake alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jambo moja tu: "Sasa picha za mwanangu anazo nani?" Sikuwa na jibu. Bi harusi alikuwa nyuma ya pazia, nikamsikia analia. Gauni walilichukua, salio wakampa mtoto aniletee.

Kuna watakaosema asingejipiga picha. Mimi sikubali. Alimtumia fundi wake, kama angevua nguo kwenye chumba changu cha kupimia, na pale nina pazia na mlango unafungwa kwa komeo. Suratun Nur imetufundisha kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu, na hata watoto wa ndani wakatajiwa nyakati tatu za kubisha hodi. Mimi nyumba za watu nilizibeba kwenye simu bila ya komeo.

Sasa nimeiweka ile pini mwenyewe. Iko kwenye mipangilio ya WhatsApp, kwenye akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili. Dakika moja tu, wala haina gharama. Nilipoangalia vifaa vilivyounganishwa nikakuta kompyuta ya duka nililokwenda kuchapisha risiti, iko wazi tangu siku ile! Namba za matapeli nazipeleka 15040. Na vipimo vimerudi kwenye daftari. Zamani nilikuwa napiga picha ukurasa mzima, jina la mteja, simu, kifua, nyonga, nawarushia wasichana wangu kwenye grupu. Hata hilo sikuwahi kuliona kuwa ni siri ya mtu. Picha za kujaribishia sipokei tena. Aliyewekwa ndani namfuata na pini zangu na futi yangu.

Ndoa ilifungwa, na zile picha mpaka leo hazijaonekana popote, alhamdulillah. Lakini kwa miezi kila simu ya yule mama ilipoita nilitetemeka. Wiki iliyopita akapiga bi harusi mwenyewe. Ana mimba ya miezi mitano, anataka madera mawili. Nikamwambia nitakwenda kumpima. Akasema hapana, atakuja yeye.