Iten: Mbio Huanza kwa Mwendo wa Polepole

Ndugu msomaji, askari avaapo sare husahau upesi kwamba mwili uliomo ndani yake nao hudai malezi. Mimi nilikumbushwa nikiwa nimekwisha kustaafu. Daktari alinipima shinikizo la damu, akautazama mkanda wangu uliotobolewa matundu mapya, kisha akasema: “Dawa nitakupa, lakini dawa haitakutembelea wala kukuchagulia chakula.” Maneno hayo ndiyo yaliyonifungisha safari ya kwenda Iten, katika nchi jirani ya Kenya.

Mji huu mdogo umo katika Kaunti ya Elgeyo-Marakwet, ukingoni mwa Bonde la Kerio, mwendo usiofikia saa moja kwa gari kutoka Eldoret. Upo mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hapa ndipo Colm O’Connell, mtawa kutoka Ireland, alipofika mwaka 1976 kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Patrick, akaishia kuwa mlezi wa wakimbiaji. Peter Rono, aliyeshinda mita 1,500 katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alisoma shuleni hapo. David Rudisha, askari polisi aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012, naye alipita mikononi mwa mwalimu huyo.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee mmoja, askari magereza mstaafu. Asubuhi ya kwanza, kabla ya jua kuchomoza, tulisimama kando ya barabara ya udongo mwekundu. Baridi ilikuwa kali. Likapita kundi la vijana, nami nikaona ajabu: walikwenda polepole, wakizungumza, kana kwamba wanakwenda sokoni. Nikajiona naweza kuwafuata. Ndugu msomaji, sikumaliza hatua mia mbili. Kifua kilibana, masikio yakavuma, nikashika mti.

“Pole, ndugu yangu,” mzee aliniambia. “Hewa ya huku ni nyembamba. Hata hao unaowaona hawaanzi kwa nguvu.”

Akanieleza utaratibu wao. Katika siku za mazoezi makali, mkimbiaji hujitoa kwelikweli. Siku nyingine huenda kwa wepesi ili misuli ipone. Jumapili wengi hupumzika. Mchana hulala, na usingizi huo huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi. Nilikumbuka jinsi sisi tulivyokuwa tukikaa mezani mwaka mzima, kisha tukajilazimisha kukimbia siku mbili kabla ya ukaguzi.

Kuhusu pumzi, alinipa kipimo kisichohitaji chombo. “Tembea huku ukinisimulia habari za kwenu. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo.” Alinifundisha pia kulegeza mabega na kuvuta hewa mpaka tumbo liinuke, si kuhema kwa kifua cha juu tu. Mahali pa juu kama hapa, kila pumzi huleta oksijeni kidogo kuliko pwani. Mwili wa anayekaa majuma kadhaa huongeza chembechembe nyekundu za damu ili kufidia upungufu huo. Mgeni hana budi kusubiri.

Chakula nacho hakikuwa na siri. Jioni tulikula ugali, sukuma wiki na maharage. Nyama ilikuja kwa nadra. Chai ilikuwa ya maziwa, na siku moja nilikaribishwa mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichopakwa mkaa. Vyote hivyo, isipokuwa kibuyu hicho, hupatikana katika soko la kwetu. Tofauti niliyoiona ni kwamba hapakuwa na soda mezani, wala sahani ya pili baada ya shibe. Nami nilijihadhari na sukari: mkimbiaji huyatumia matamu ya chai yake barabarani; mimi ningeyahifadhi kiunoni.

Usiku mzee aliniuliza habari za Filbert Bayi, askari wa kwetu aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974. Nilijibu kwa fahari. Kisha akauliza: “Na wewe, uliyekuwa askari kama yeye, mwili wako uliuachia nani?” Sikuwa na jibu.

Siku ya saba nilipanda kilima kilekile nikimsimulia mzee habari za wajukuu wangu, na sikukatisha sentensi hata moja. Sikuwa nimekimbia. Nilikuwa nimetembea tu, nami nilifurahi kama aliyevishwa nishani.

Sasa nipo nyumbani. Dawa za daktari ninaendelea kuzimeza, na kliniki sikosi. Kila alfajiri mimi na mama watoto hutembea nusu saa, tukizungumza njia nzima; siku ya kupanda mlima hufuatwa na siku ya tambarare. Majirani hutucheka kwamba tumeanza kuchelewa. Ni kweli, tumechelewa. Lakini wewe uliye bado kazini, usingoje mkanda ukuombe tundu jipya. Kesho alfajiri mwamshe mwenzio, mtoke pamoja, mwende polepole.