Ngitili na Ulinzi wa Hifadhi Zetu

Yanapotajwa madhara ya shughuli za binadamu katika hifadhi za Taifa, fikira za wengi humwelekea jangili na silaha yake. Sisi wa Nyahanga, mjini Kahama, twaona kwamba shina la jambo hili li kijijini, mbali na mpaka wa hifadhi. Ng'ombe aliyekosa malisho nyumbani ndiye anayeswagwa hadi pori la Maswa na kingo za Serengeti. Na kijiji kilichokwisha miti ndicho kinachopeleka shoka katika misitu ya Kigosi.

Nchi ya Usukuma haikuzaliwa na upara. Katika enzi za Waingereza, tangu miaka ya 1920, mapori yalifyekwa ili kumwangamiza mbung'o. Pamba nayo ikadai mashamba, jiko likadai mkaa, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wakadai magogo ya kuzuia mashimo yasiporomoke. Kazi hizi hatuzibezi, kwani ndizo zilizolisha na kusomesha watoto wetu. Lakini kila moja ilichukua, na hapakuwa na iliyorudisha.

Hata hivyo, wazee wetu walikuwa na utaratibu wao. Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa masika, mfugo usiikanyage, kisha ikafunguliwa kiangazi nyasi zinapokwisha kwingineko. Aliyeikiuka amri hiyo alijibu mbele ya dagashida, yaani baraza la jamii. Watu walipohamishiwa katika vijiji vipya miaka ya 1970, ngitili nyingi zilibaki nyuma bila mwangalizi.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Busara ya mradi huo ilikuwa kuihuisha desturi ambayo wananchi waliifahamu tayari. Ngitili zilizokadiriwa kuwa na hekta 600 tu mwaka ule zilipita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika Mkoa wa Shinyanga kama ulivyokuwa kabla ya kugawanywa. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Liko jambo moja lisilopaswa kufichwa. Ngitili ya mtu binafsi humfaa zaidi mwenye ardhi na mifugo. Asiye navyo hubaki nje ya uzio, na huyo ndiye atakayekwenda kutafuta kuni na riziki hifadhini, hata akijua kwamba huenda akakamatwa. Kwa hiyo, hatuna budi kila kijiji kiwe na ngitili ya wote, yenye mipaka inayojulikana, isiyoweza kuuzwa wala kurithiwa vipande vipande. Askari wa wanyamapori wana kazi yao, nayo ni ya lazima. Lakini ulinzi wao utakuwa mwepesi zaidi pale ambapo jirani wa hifadhi ana majani na kuni kwake.