Bomba na Mshipa

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Methali hiyo niliifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, na siku moja niliivunja mwenyewe mbele ya darasa zima.

Ilikuwa Ulyankulu, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nilikuwa bado kijana, miaka michache tu tangu nitoke Chuo cha Ualimu Tabora. Ulyankulu ilikuwa zamani makao ya Mtemi Mirambo, yule aliyeitikisa njia ya misafara ya Tabora na Ujiji hadi alipofariki mwaka 1884. Wakati wangu ilikuwa makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi kuanzia mwaka 1972, na wengi wa wanafunzi wangu walikuwa watoto wao.

Somo lilikuwa mzunguko wa damu. Nilichora moyo ubaoni, nikasema kwa sauti ya mtu asiye na shaka, "Moyo ni pampu, mishipa ni mabomba." Mtoto mmoja wa dawati la nyuma, ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado na lafudhi ya Kirundi, akanyosha mkono. "Mwalimu, bomba la kisimani ukilishika halidundi. Mbona mshipa wa mkononi unadunda?"

Darasa likacheka. Mimi sikuwa na jibu. Badala ya kukiri, nilimwambia anaharibu somo, nikamtoa nje. Alisimama juani mpaka kengele ikalia. Tangu siku ile hadi alipomaliza darasa la saba, sikumwona akinyosha mkono tena.

Miaka ikapita. Nikawa mwalimu mkuu, nikastaafu, na mwili nao ukaanza kudai haki yake. Mwaka juzi nilipimwa presha, ikaonekana 170 kwa 80. Daktari aliniambia kwamba mishipa yangu mikubwa imekakamaa kwa umri, akaniandikia vidonge. Nilivimeza mwezi mmoja, nikaviacha, kwa kuwa sikusikia maumivu yoyote. Mjukuu wangu anayesomea uhandisi Dar es Salaam alikuja likizo, akavikuta sandukuni vikiwa vimejaa vumbi. Hakunigombeza. Alifungua kompyuta yake, akasema, "Babu, njoo nikuonyeshe mshipa."

Alikuwa na programu iitwayo SimVascular, ambayo hutolewa bure kwa yeyote anayetaka kuitumia. Akanieleza kwamba kompyuta huugawa mshipa katika vyumba vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu. Katika kila chumba hukokotoa kasi ya damu na shinikizo lake, kwa kanuni alizoanzisha Navier wa Ufaransa mwaka 1822 na Stokes wa Uingereza akazikamilisha mwaka 1845. Kwa bomba la chuma, hesabu hiyo yatosha, maana ukuta wa bomba hausogei.

Mshipa haukubali urahisi huo. Damu ikisukuma, ukuta unatanuka. Ukuta ukitanuka, njia ya damu inabadilika. Njia ikibadilika, msukumo nao unabadilika. Vile vyumba vilivyopangwa mwanzo havilingani tena na mshipa. Basi wataalamu wengine huvinyoosha na kuvibana vyumba hivyo vifuate ukuta unavyokwenda. Wengine hufuata njia ya Charles Peskin wa Marekani, aliyekuwa akichunguza vali za moyo mwaka 1972. Yeye aliviacha vyumba vitulie mahali pake, akauacha ukuta upite katikati yao kama uzi unaoelea majini.

Nikamwuliza, "Kwa nini usikokotoe damu kwanza, umalize, kisha ndipo ukokotoe ukuta?"

Akacheka. "Babu, kwa bawa la ndege hiyo inawezekana, maana bawa ni zito na hewa ni nyepesi. Lakini ukuta wa mshipa na damu uzito wao unakaribiana. Ukimpa mmoja neno la mwisho, hesabu inavurugika, namba zinapanda na kushuka mpaka zinapasuka. Inabidi kuuliza damu, kuuliza ukuta, kurudi kwa damu, kurudi kwa ukuta, ndani ya nukta ile ile, mpaka wakubaliane. Ndipo unasogea nukta inayofuata."

Msomaji mpendwa, pale nilinyamaza. Nilimkumbuka yule mtoto wa dawati la nyuma. Katika darasa lile mimi nilijiona bawa, naye nilimwona upepo. Kumbe uzito wetu ulikaribiana: mimi nilikuwa na chaki, yeye alikuwa na swali. Nilijipa neno la mwisho, na hesabu ikavurugika.

Na jibu lake lilikuwa rahisi. Moyo unaposukuma, aota, yaani ule mshipa mkuu, hutanuka na kuhifadhi sehemu ya damu. Moyo unapopumzika, ukuta hurudi na kuisukuma damu hiyo mbele, ndiyo maana mtiririko haukatiki kati ya pigo na pigo. Stephen Hales wa Uingereza aliliandika jambo hili mwaka 1733. Kutanuka huko husafiri ukutani kama wimbi. Kwa kijana, wimbi hilo huenda kiasi cha mita 5 kwa sekunde, ilhali damu yenyewe kwa wastani hutembea chini ya mita 1 kwa sekunde. Kwa hiyo kinachodunda chini ya kidole ni wimbi lililotangulia, wala si damu iliyotoka moyoni sasa hivi. Bomba la chuma halidundi kwa sababu halitanuki. Mtoto alikuwa ameona sawasawa.

Mjukuu akabadilisha namba moja tu, ile ya ugumu wa ukuta. "Huyu sasa ndiye wewe," akasema. Wimbi likaenda mbio, na shinikizo likapanda juu kila moyo ulipopiga. Kwa wazee wengi kasi hiyo hupita mita 10 kwa sekunde. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku, na kila mara hukutana na ukuta usioupokea mzigo. Kumbe nilikuwa nikiumia bila kusikia maumivu. Usiku ule ule nilimeza kidonge, na tangu hapo sijaviacha.

Kesho yake tulichukua pampu ya mkono. Kwanza tuliifunga kwenye kipande cha bomba la chuma, mwisho wake tukauziba na kuacha tundu dogo. Maji yakatoka kwa vishindo, yakikatika kila mkono ulipopumzika. Kisha tukaifunga kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, mwisho wake ukiwa na tundu lile lile. Mpira ukawa unavimba na kunywea, na maji yakatoka karibu bila kukatika. Vifaa hivi vyote vilikuwapo Ulyankulu siku ile nilipomtoa mtoto nje. Jaribio lenyewe lingechukua robo saa.

Mwaka 2014 wengi wa wakimbizi wale wa mwaka 1972 na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Huenda naye yumo, mtu mzima sasa, mwenye wajukuu wanaouliza maswali. Sijui yuko wapi. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nimekunjwa nikiwa mkavu, na bado nashukuru. Iwapo ukurasa huu utamfikia, ajue kwamba swali lake lilikuwa zuri, na kwamba mwalimu wake ndiye aliyestahili kusimama juani.