Tohara ya Hori

Kila nisomeshapo mlango wa tohara, fikra zangu huenda Hori ya Tudor, ambako maji matamu ya Mto Kombeni huchanganyika na ya chumvi. Humo huishi planktoni; mingi yake ni vijimea visivyoonekana kwa macho, riziki ya dagaa na kamba. Maji taka yakizidi, vijimea huzaana kupita kiasi. Vikifa na kuoza, oksijeni hupungua majini, samaki wakakosa pumzi. Baadhi huwa na sumu ibakiayo ndani ya chaza, wala moto wa jikoni hauiondoi. Bwana Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, je, mifereji ya vyoo vyetu ielekeayo horini tutaitolea jawabu gani? Mama zangu, maji yakigeuka rangi, msiokote chaza. Allah atujaalie kuichunga amana hii. Amin.